Ukurasa Wenye Uzi Mwekundu

Kati ya ibada ya kwanza na ya pili kanisa lile lilikuwa na dakika ishirini tu, na katika dakika hizo watu mia tatu walitoka kwa mlango uleule ambao wengine mia tatu walikuwa wakiuingilia. Mikoba iligongana. Watoto walishikwa mikono kwa nguvu. Wanakwaya walipita mbio huku wakifunga vifungo vya majoho. Katika msukumo wote huo, kando ya mlango, palikuwa na kiti kimoja cha mbao chenye mto wa buluu, na hakuna aliyekigusa.

Kilikuwa kiti cha Mama Mlangoni. Miaka ishirini na miwili alikikalia, akiwapokea wageni kwa mkono wa kulia, daftari likiwa mkono wa kushoto. Alipofariki, wazee wa kanisa walimwomba binti yake ashike nafasi. Binti alikuwa fundi cherehani, mwenye miaka thelathini na mmoja, maneno tele na machozi machache. Daftari alilikubali. Kiti hakukikalia. Mwaka mzima alisimama kando yake, na watu wakamwita Binti Mlangoni, kisha wakalikata jina likabaki Binti.

Jumapili hiyo alivaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe, kola nyeupe, mikono inayoishia kwenye kiwiko, na viatu vya chini, kwa sababu mpokezi hasimami kwa saa nne juu ya visigino. Mkononi alikuwa na rundo la vipande vya utepe wa njano. Kila mgeni alipachikwa kimoja kifuani, ili wenyeji wajue ni nani wa kusalimiwa.

Ndipo akamwona. Mwanamume mrefu, shati la buluu limepigwa pasi mpaka mistari ya mikono imesimama, viatu vizito vya kazi vimepakwa rangi. Alikuwa katikati ya mlango, uso ameuelekeza juu, kana kwamba anamtafuta Mungu darini. Watu walimpita kushoto na kulia kama maji yapitavyo jiwe.

"Karibu sana, kaka," Binti alisema, na kabla hajajibiwa alikwisha kumpachika utepe.

"Asante, dada, lakini mimi..."

"Ni mara yako ya kwanza kwetu?"

"Ya kwanza, ndiyo. Ila nimekuja ku..."

"Usione haya. Sote kuna siku tuliingia kwa mara ya kwanza. Jaza kadi hii. Kaa benchi la tatu, hapo feni inafika."

Upande wa pili wa mlango alisimama Mkunga, mama mstaafu aliyezalisha nusu ya waumini wa kanisa lile na ambaye kwa hiyo hakumwogopa yeyote kati yao. "Huyo mwekeni pembeni," alisema. "Akikaa katikati atawaziba wenzake, wasimwone mchungaji."

Mwanamume akasukumwa na watu, akajikuta benchi la tatu.

Wakati wa matangazo, mchungaji aliwaomba wageni wasimame, kama desturi. Wakasimama saba. Kipaza sauti kikapita mkono kwa mkono. Mmoja alisema amehamia mtaa wa nyuma. Mwingine alisema amemfuata shangazi yake. Kilipomfikia yule mrefu, alikiangalia kama kitu kinachouma.

"Mimi ni fundi wa vioo," alisema. "Mtunza kanisa aliniita. Kioo cha juu ya mlango kimepasuka, na siku za kazi mnafunga. Nimekuja kukipima." Akainua futikamba, kanisa zima likaiona.

Watu walicheka mpaka mpiga kinanda akainamia kinanda chake. Mchungaji alingoja watulie. "Kioo kimepasuka tangu mwaka jana," alisema. "Kitangoja saa moja zaidi. Fundi, karibu hivyohivyo."

Binti, pale mlangoni, alitamani sakafu impokee yeye. Baada ya ibada alimfuata. Fundi alikuwa juu ya ngazi, futikamba imenyooshwa, utepe wa njano bado uko kifuani.

"Nisamehe, kaka. Sikukupa nafasi ya kusema."

"Ulinipa. Maneno matatu matatu."

"Naomba huo utepe, basi."

"Nimeupata kwa halali, mbele ya mashahidi mia tatu." Alishuka, akampa kadi. Mahali palipoandikwa *Sababu ya kuja kwetu*, alikuwa amejaza kwa herufi za kunyooka: *Kupima kioo. Sentimita 140 kwa 60.* Palipoulizwa *Ungependa kutembelewa?* aliandika: *Ndiyo.*

"Hapa umekosea," Binti alisema. "Ukiandika ndiyo, tunakuja kweli."

"Nimezaliwa kanisani, dada. Ila miaka sita ya vyumba vya kupanga imenifundisha kwamba Jumapili ni siku ya kufua. Katika miaka hiyo hakuna aliyeniuliza kama nataka kutembelewa. Sasa nimeulizwa, nikatae?"

*

Kazi ya mapokezi ilikuwa na kanuni zake, na zote alizitunga Mama Mlangoni. Mgeni hupigiwa simu kwanza. Hutembelewa na watu wawili, kamwe si mmoja. Ziara ni tatu. Ya tatu ikiisha, ukurasa wake hufungwa na yeye hukabidhiwa kwa majirani wa mtaa wake, wawe ndugu zake. Baada ya kila ziara mpokezi huandika mistari miwili au mitatu: mgeni amefiwa, mgeni ana dawa za kufuatwa, mgeni hapendi kuulizwa habari za mumewe. Kwa hiyo daftari lile halikusomwa na mtu mwingine.

Na kanuni moja iliandikwa peke yake, ukurasa wa kwanza kabisa, kwa mwandiko wa Mama ulioegemea kulia. Binti aliijua kwa moyo. *Mgeni aliye humu ni wa kanisa, si wa mpokezi. Amekuja na upweke wake, na mwenye njaa hukubali kila sahani. Siku utakapomtaka kwa ajili yako mwenyewe, funga ukurasa wake, mkabidhi mwenzako, ndipo umwendee kwa njia ya wazi.*

Jumanne Binti alipiga simu.

"Napiga kutoka kanisani," alisema, kwa sauti ya kazi.

"Najua. Sauti hii ndiyo iliyonikalisha penye feni."

"Tunaweza kuja kesho, saa kumi na moja?"

"Mje. Ila kiti ninacho kimoja."

Alisema kweli. Fundi alipanga chumba nyuma ya karakana katika barabara ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Karakana ilikuwa na meza ndefu iliyotandikwa zulia kuukuu, vioo vimeegemezwa ukutani kwa ukubwa wake kama familia iliyojipanga kupigwa picha, na harufu ya pati ya kugandishia vioo na mafuta ya taa. Mkunga alikalia kiti bila kuuliza. Binti alikaa juu ya kreti, Fundi akasimama.

"Unakaa peke yako?" Mkunga aliuliza.

"Peke yangu, mama. Nimekuja kwa kazi ya miezi mitatu. Lile jengo la ghorofa tisa, madirisha yote ni yetu. Umebaki mwezi mmoja na nusu. Kaka yangu amenipatia nafasi katika mji mwingine."

"Mke?"

"Sina."

"Kwa nini?"

"Mkunga," Binti akasema.

"Nauliza kwa niaba ya kanisa," Mkunga alisema, akanywa chai yake.

Usiku huo Binti aliandika: *Ziara ya kwanza. Anakaa peke yake. Ana kiti kimoja na vikombe vitatu.* Akaweka uzi mwekundu penye ukurasa, kama alivyozoea kufanya kwa ukurasa wa mgeni wa karibuni. Kisha akakaa akiufikiria mwezi na nusu.

Simu zikaanza. Mwanzoni zilikuwa za kanuni. Baadaye Fundi akawa anapiga saa saba mchana, akiwa ghorofa ya sita, miguu ameining'iniza, mkate mkononi.

"Mwenyeji, umekula?"

"Nimekula, mgeni. Wewe uko wapi, mbona upepo?"

"Niko juu. Naliona paa la duka lako la cherehani. Umetundika gauni jekundu nje."

"La bibi harusi wa Jumamosi. Teremka kabla hujaanguka na kuniharibia siku."

"Ukisema hivyo kwa wageni wote, hakuna atakayepanda ngazi."

"Wageni wote hawanipigii kila siku."

"Basi kadi zao hazikusema ndiyo."

Ziara ya pili walikuta viti vitatu vipya, vya mbao, vimepigwa msasa. Mkunga aliketi akakijaribu kwa kujitikisa. "Mtu anayehama baada ya mwezi," alisema, "hanunui viti."

Fundi alikuwa anamwangalia Binti, ambaye alikuwa amevaa sketi ya kijivu na blauzi ya maua madogo, na futikamba shingoni. Alikuwa ametoka kazini akaisahau.

"Na wewe unayo," Fundi alisema.

"Yangu hupima vinavyokunjika."

"Yangu hupima visivyosamehe. Kitambaa ukikosea unaongeza kipande. Kioo ukikosea, ni cha kutupwa."

Siku hiyo ndipo Binti alipomweleza habari za picha ya mama yake. Siku ya msiba watu walijaa nyumbani, wakipokewa na baba mdogo wake, mzazi pekee aliyemsalia, mtu akaigonga kwa kiwiko, kioo kikapasuka kutoka pembeni mpaka shavuni. Mwaka mzima alikuwa ameilaza kifudifudi kabatini. Hakumwambia mtu, maana angemwambia nani? Yeye ndiye aliyekuwa akiwauliza wengine habari za misiba yao.

Fundi hakusema pole. Alisema, "Ina upana gani?" Binti akamwonyesha kwa mikono. "Thelathini kwa arobaini," Fundi alisema. "Niletee Jumamosi. Nitakukatia kioo ambacho kiwiko kitajuta kukigonga."

Binti alirudi nyumbani na kujua alichokuwa akikijua tangu gauni jekundu. Siku ya Ijumaa alilifungua daftari penye uzi, akaandika: *Ziara ya pili. Amenunua viti. Mimi nimejitoa. Ziara ya tatu ifanywe na wengine. Akabidhiwe mtaa wake.* Akapiga mstari chini. Alijisikia kama mtu aliyevua viatu vilivyombana. Kuanzia sasa alikuwa huru kumpenda. Alipanga kumwambia Jumapili, baada ya ibada, akiwa amevaa gauni la kijani.

*

Jumamosi alikwenda karakana na picha kwa mkono mmoja, na daftari kwa mkono mwingine, kwa kuwa baadaye alikusudia kulipitisha kwa Mkunga. Alikaa juu ya kiti kipya akimtazama Fundi akifanya kazi. Rula ililazwa, kikatio kikapita mara moja tu, kwa sauti ndogo kama ya kitambaa kinachochanwa, kisha kioo kikagongwa chini kidogo na kuachana penyewe. Akasugua kingo. Akaiweka picha. Mama Mlangoni akatokea, shavu zima, akicheka kwa upande kama alivyokuwa akicheka.

Binti hakulia kwa kelele. Machozi yalishuka tu, naye akayaacha yashuke. Fundi alisogea, akasimama karibu bila kumgusa.

"Ana macho yako," alisema.

"Mimi ndiye mwenye macho yake."

"Haya. Nimekosea kipimo, mara moja tu."

Binti aliikumbatia picha kwa mikono miwili, akaaga, akatoka. Mtu aliyembeba mama yake kwa mikono miwili hana mkono wa tatu. Daftari lilibaki juu ya meza.

Fundi aliliona baada ya saa moja. Hakujua ni la nani, jalada halikuwa na jina. Alilifungua mahali palipojifungua penyewe, penye uzi mwekundu, akajikuta anajisoma. *Anakaa peke yake. Ana kiti kimoja na vikombe vitatu.* Akatabasamu. Kisha akasoma chini yake. *Mimi nimejitoa. Ziara ya tatu ifanywe na wengine. Akabidhiwe mtaa wake.* Tarehe ilikuwa ya jana. Jana hiyohiyo saa saba mchana walikuwa wamecheka kwenye simu mpaka mkate ukamdondoka kutoka ghorofa ya sita.

Alilifunga. Alilifungia kwenye gazeti, akalifunga kamba, akampelekea mtunza kanisa kwa mkono wake. Jumapili hakuonekana. Jumatatu saa saba simu haikulia. Binti alipiga mara mbili, haikupokewa. Ya tatu ikapokewa.

"Mgeni, umepotea."

"Mgeni ndivyo alivyo. Huja, huhudumiwa, hukabidhiwa."

"Una nini?"

"Nimesoma ukurasa wangu, dada." Lile neno dada liliingia kama sindano chini ya ukucha. "Sikulaumu. Ni huduma, na umeifanya vizuri. Kosa ni langu, nilidhani napigiwa simu na mtu, kumbe napigiwa na kanisa."

Binti alitaka kusema. Lakini lililomtoka kwanza lilikuwa la mlinzi wa daftari. "Umelisoma? Unajua mle mna nini? Mna vilio vya watu. Wameniambia mimi, si wewe."

"Nilifungua penye uzi. Nimesoma mistari yangu minne."

"Nitajuaje?"

Upepo wa ghorofani ulisikika.

"Kwa kuniamini," Fundi alisema. "Ila hilo si la kuandikwa. Kioo cha kanisa nitakileta Jumamosi, Jumatatu nasafiri; kazi iliyobaki hapa wenzangu wataimaliza. Kaka ananingoja." Akakata.

*

Mkunga alisikiliza habari yote akiwa dukani kwa Binti, amekalia stuli ya wateja, akichambua vifungo kwenye kopo.

"Ulimwandikia umejitoa."

"Ndiyo. Kwa kanuni ya mama."

"Na yeye ulimwambia kuna kanuni?"

"Ningemwambia Jumapili."

"Hee. Binti yangu, umetoka mlangoni ili uzunguke uingie kwa njia yako mwenyewe. Vizuri. Ila mwenye nyumba ameona mgongo wako tu, akafunga kitasa. Ulitaka ajue vipi, kwa ndoto?"

"Ameniambia mimi ni kanisa, si mtu."

"Na wewe umemwambia yeye ni mwizi wa siri. Mmelipana." Mkunga aliinua kifungo kwenye mwanga. "Mama yako aliyaandika yale baada ya mpokezi mmoja wa zamani kuwachumbia wageni watatu kwa mpigo. Wote watatu walihama kanisa. Hakuyaandika ili wewe ufe na cherehani. Soma mwisho wa sentensi. Imeandikwa nini?"

"Umwendee kwa njia ya wazi."

"Imeandikwa umwendee. Haikuandikwa umngoje. Siku zote wewe husimama mlangoni watu wakujie. Safari hii mlango ni wa mwingine."

"Twende pamoja basi."

"Wawili wawili ni kwa wageni," Mkunga alisema. "Huyu si mgeni tena. Nenda peke yako."

Siku iliyofuata, saa sita na nusu, Binti alifunga duka, akavaa lile gauni la kijani katikati ya juma, akalifunga daftari kwa mpira ili lisifunguke ila ukurasa wa kwanza, akaenda kwenye jengo la ghorofa tisa.

Langoni palikuwa na kibanda, na kibandani mlinzi mwenye kizibao cha kung'aa.

"Karibu, dada. Ni mara yako ya kwanza hapa?"

"Ya kwanza, ndiyo. Nime..."

"Jaza kitabu. Vaa kofia hii. Hii bandika kifuani." Alimpa kitambulisho cha plastiki chenye neno MGENI. "Kaa benchi lile, lenye kivuli."

Binti alitaka kucheka, lakini kofia ilikuwa kubwa, ilimshukia machoni. Alivuta kitabu. Palikuwa na safu ya saa, safu ya unayemtaka, na safu ya sababu ya kuja. Alishika kalamu muda mrefu. Kwa mara ya kwanza alijua kadi zake zilikuwa zikiwauliza watu jambo gani gumu.

Kisha akaandika.

Mlinzi alisoma, akakuna kidevu, akaibonyeza redio yake ya mkononi. "Fundi vioo, ghorofa ya tisa. Una mgeni langoni."

Redio ikakoroma. "Mgeni gani?"

"Wa kike. Ameandika amekuja kupima kioo."

Ghorofa tisa ni ngazi nyingi, na lifti ilikuwa haijawekwa. Binti alihesabu pumzi zake. Fundi alitokea akiwa na vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi, akasimama hatua tano kutoka benchi.

"Sentimita ngapi?" aliuliza.

"Sijui. Sikuleta futikamba. Nimeleta hiki." Binti alisimama. "Nimekuja kwanza kuomba radhi. Ulisema umesoma penye uzi, nikauliza nitajuaje. Nilipaswa kujua. Mtu aliyenunua viti vitatu kwa ajili ya wanawake wawili hafungui kurasa za watu."

"Haya."

"Pili, nimekuja usome ukurasa mmoja zaidi. Huu nakupa mimi."

Alilifungua mwanzo. Fundi alijifuta mikono kwenye suruali, mbele na nyuma, kabla ya kulishika. Alisoma taratibu, midomo ikisogea. Alipofika mwisho alirudi juu, akasoma tena.

"Huu ni mwandiko wake? Wa kwenye picha?"

"Wake."

"Kwa hiyo uliponitoa kwenye daftari..."

"Nilikuwa natafuta mahali pengine pa kukuweka."

Mlinzi, kibandani, aliacha kujifanya anasoma gazeti.

"Ungeniambia, mwenyeji," Fundi alisema, na sauti yake ilikuwa imerudi ile ya saa saba mchana. "Mimi ni mtu wa vioo. Nikioneshwa, naona."

"Ndiyo maana nimekuja mchana, na kofia ya kuazima, mbele ya mlinzi. Ningeweza kuifanya iwe wazi zaidi ya hapa?"

"Unaweza."

Binti alisogea hatua moja. "Nakupenda. Sikupendi kwa niaba ya kamati. Usisafiri Jumatatu."

Fundi alimrudishia daftari kwa mikono miwili. Kisha akamvua ile kofia iliyomshukia machoni, akaipangusa vumbi, akamvalisha tena vizuri. "Eneo la ujenzi," alisema. "Usiivue." Kisha akaongeza, "Mwenye karakana anataka kuipangisha mwaka mzima. Aliniuliza wiki iliyopita. Nilimwambia anipe siku mbili nifikirie. Nilipousoma ukurasa ule, nikamwambia hapana."

"Sasa?"

"Sasa naona nimefikiri vibaya. Nitampitia jioni. Na kaka yangu nitampigia, anitukane kidogo, ni haki yake."

"Akikutukana sana nipe simu. Mimi ni mpokezi, nimezoea."

Wakacheka wote wawili, na mlinzi naye.

*

Jumamosi kioo kipya kikawekwa juu ya mlango wa kanisa. Jumapili, jua la asubuhi lilipita juu ya vichwa vya watu likaangukia kwenye kiti cha mbao chenye mto wa buluu. Binti alifika mapema. Alikitazama kiti muda, akaupiga mto vumbi mara mbili, akakaa. Mkunga peke yake ndiye aliyetoa leso, akasema mafua haya ya asubuhi hayaishi.

Ibada ya kwanza ikatoka, ya pili ikaingia, mikoba ikagongana. Fundi alikuja na shati lake la buluu na mikunjo yake iliyosimama, akapanga foleni nyuma ya mama mmoja aliyehamia juzi na wanawe wawili. Zamu yake ilipofika, alinyoosha mkono.

"Kadi, tafadhali."

"Wewe ulishajaza," Binti alisema.

"Mambo yangu yamebadilika."

Alijaza kwa kuegemea ukuta, akairudisha, akasimama kungoja kama mtu aliyepeleka kioo cha gharama na hajaambiwa kama kimeingia. Binti akasoma. *Sababu ya kuja kwetu: Kukaa.* Chini yake, palipoulizwa *Ungependa kutembelewa?*, aliandika kwa herufi za kunyooka mpaka ukingoni mwa kadi: *Hapana. Sasa ni zamu yangu. Nataka kuja kwa baba mdogo wako kukuposa. Nije siku gani?*

Watu walikuwa wakipita. Kwaya ilikuwa imeanza. Binti alitafuta kalamu, akaikuta nyuma ya sikio lake. Chini ya kadi palikuwa na mstari mmoja wenye maneno *Kwa matumizi ya mpokezi*, ambao kwa mwaka mzima hakuwahi kujua ni wa nini.

Akauandikia: *Jumamosi, saa kumi. Mje wawili, kama kanuni.*

"Wa pili nimpate wapi?" Fundi aliuliza. "Mimi ni mgeni hapa."

"Nani mgeni?" Mkunga alisema kutoka upande wa pili wa mlango, akirekebisha kilemba chake. "Mimi nitakuwa tayari saa tisa na nusu. Na usichelewe."